Mwito wa Kituo Namba Saba

Kilichoanza ni mshale. Si mlango uliojifungua wenyewe, si kivuli ukutani. Mshale tu, ule mwembamba unaokaa nyuma ya kioo kidogo cha redio, unaopanda pale mtu wa upande wa pili anapobonyeza kitufe ili aseme. Jumanne ile, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Mwalimu aliita, "Kituo namba saba, unanipata?" Akaachia kitufe, akanyamaza akihesabu moja hadi kumi, kama alivyofanya kila jioni kwa miezi kumi na minne. Alipofika sita, mshale ukapanda hadi mwisho wa kioo, ukakaa, ukashuka.

Spika ilinyamaza ji.

Mwalimu aliugonga mshale kwa ukucha. "We, usinichezee," akauambia, kwa sauti iliyowatia adabu wanafunzi wa kemia kwa miaka thelathini. Akaandika daftarini, "Saba: kimya," akamwita namba nane, muuza dawa, aliyeitika huku anatafuna. Yule bwana hata kiama kitamkuta na kitu mdomoni.

Sasa tuelewane kidogo kuhusu watu hawa, maana wengine huwaona na redio zao wakadhani ni askari. Si askari. Walikuwa watu wa kujitolea: kinyozi, mwashi, muuza dawa na wenzao, kila mmoja na redio yake nyumbani au kazini, na betri ya gari chini ya meza. Mvua kubwa ikija, simu za mji ule hufa kabla hata mtu hajalowa, na hapo halmashauri haina macho wala masikio ila hao. Ndio wanaosema maji yamefika wapi, nani amekwama juu ya paa, na gari la wagonjwa lipite njia gani. Mwalimu ndiye aliyekuwa Kituo cha Kwanza. Aliwaongoza wote kutoka kichumba kilicho chini ya ngazi za ofisi ya halmashauri, alikobanwa kati ya mafaili na mafagio.

Na alikuwa na sheria zake, jamani. Kituo kinaitwa kwa namba, kinaitika, na mwisho kinaambiwa, "Umeruhusiwa, funga." Kisiporuhusiwa hakiondoki. Kikiambiwa "subiri", basi kinasubiri: hakisemi, hakibanduki, mpaka kiitwe tena. Wenzake walimtania kwamba hata paka wa nyumbani kwake hali mpaka aruhusiwe.

Kituo namba saba kilikuwa cha mumewe, fundi umeme ambaye kila mtu alimwita Waya. Siku ya mafuriko yale makubwa, Waya alikuwa daraja la chini, anasoma nguzo ya kupimia maji. Alianza kama alivyoanza siku zote, kwa vikohozi viwili vidogo alivyoachiwa na sigara alizokwisha kuziacha zamani. "Kh-kh. Saba hapa. Maji mita mbili na nusu. Ukingo unameguka, naomba..." Papo hapo namba mbili akaingia anapiga kelele: watoto thelathini na mmoja wako juu ya paa la shule. Hewani hawasemi wawili. Mwalimu akakata kauli kama ilivyompasa. "Saba, subiri hapo hapo."

Watoto wote walishuka wazima. Kuwaelekeza waokoaji kulimchukua Mwalimu dakika nne. Mwalimu alipomrudia namba saba, hakuna aliyeitika. Waya alipatikana siku ya tatu, mbali kule chini, redio ikiwa bado mkononi. Aliambiwa asubiri, akasubiri.

Mwanachama akifa, hao watu wana utaratibu wao. Namba yake inaitwa mara moja ya mwisho, inaambiwa, "Kazi yako imekwisha, umeruhusiwa," kisha inafutwa daftarini. Namba tatu, mzee wa posta, alifanyiwa hivyo. Lakini kwa mumewe Mwalimu alishindwa. Angemruhusuje kuondoka, na yeye ndiye aliyemzuia? Basi akawa anamwita kila jioni, anahesabu hadi kumi, anaandika "kimya". Wenzake walisikia na kumeza mate. Nani angemwambia?

Jumatano mshale ulipanda tena, safari hii na harufu: tope bichi la mtoni, ndani ya kichumba chenye saruji tupu. Mwalimu aliinama chini ya meza, akakagua mafagio, akakagua soli za viatu vyake. Vikavu. Alhamisi, alipofika hesabu ya sita, spika ilikohoa.

Mara mbili. Kh-kh.

Mkono wake ulibaki hewani na kalamu. Hakuandika kitu. Alifunga daftari, akasahau kuviruhusu vituo vilivyobaki, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda nyumbani kwa miguu akipita barabara ambayo si yake.

Binti yake, muuguzi wa gari la wagonjwa, alimkuta jikoni amesimama gizani, anatazama sufuria tupu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini, na jiko baridi?" Binti akawasha taa, akamtazama vizuri. Kisha akanusa. "Mama, harufu gani hii? Kama umetoka mtoni."

"Labda ni mafagio ya ofisini."

"Mafagio," alisema binti, na usiku ule alilala chumba kimoja na mama yake, kitu alichokiacha tangu ana miaka saba.

Ijumaa, namba saba aliitika.

"Nasubiri."

Neno moja tu, taratibu, bila manung'uniko. Na safari hii hakusikia Mwalimu peke yake. Muuza dawa aliacha kutafuna. Dakika kumi baadaye Kinyozi, kituo namba tano, aliingia kichumbani na aproni yake ina nywele za mteja aliyemwacha kwenye kiti amenyolewa nusu kichwa. Kinyozi alikuwa rafiki wa Waya wa kufa na kupona. Tena alikuwa na kazi nyingine asiyoiandikia kibao: watu waliosumbuliwa na majini waliletwa kwake kimya kimya, kwa mlango wa nyuma, wakatoka wametulia.

Alifunga mlango. Akanusa. "Shemeji," alinong'ona, "tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Ni yeye, shemeji. Kile kikohozi nimelala nacho miaka ishirini na sita."

"Kikohozi ni cha Waya. Anayekikohoa siye."

"Umejuaje?"

"Waya alikuwa mtu wa kunung'unika, Mungu amrehemu. Umwambie asubiri mwaka mzima, akujibu kwa upole namna ile?" Kinyozi akachuchumaa karibu na kiti chake. "Sikiliza. Pale darajani pana mwenyewe, jini wa mto, tangu sisi hatujazaliwa. Hawa hawaingii kwa mtu hivi hivi, lazima waitwe. Na wewe kila jioni unaita namba isiyo na mtu, halafu unaacha nafasi unasikiliza. Ulidhani nani angeikalia nafasi hiyo?"

"Anataka nini?"

"Alikwisha kumchukua mmoja wa nyumba yako. Amebaki nani?"

Gari la wagonjwa lilikuwa na redio, kituo namba tisa, na anayeishika ni binti yake.

"Mfungie," alisema Kinyozi. "Mruhusu kwa utaratibu wenu ule ule, mimi nitashika dua dukani kwangu. Lakini ukishasema neno la mwisho, ng'oa nyaya za betri kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Usikiachie ukasikiliza. Hata pumzi moja, shemeji. Ukimsikiliza tu, umempa kitu chako cha kuondoka nacho."

"Na kama ni Waya kweli?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. "Kama ni Waya, amechoka. Mwache akapumzike."

Mwalimu alisema sawa, atafanya kesho. Hakusema kwa nini si leo. Alitaka kulala usiku mmoja zaidi akijua kuna mtu, yeyote yule, anayekohoa namna ile.

Kesho yake mvua ikaja.

Saa nane mchana mji ulikuwa na giza la magharibi. Simu zilikwisha kufa. Mratibu wa maafa wa halmashauri, mgeni aliyehamia mwaka ule, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mwalimu, tai imeingizwa mfukoni na suruali imekunjwa hadi magotini, anauliza kila kitu mara mbili.

"Tisa hapa, tisa hapa." Ilikuwa sauti ya binti, na king'ora nyuma yake. "Nina mama mjamzito, anatoka damu nyingi. Tuko njia panda. Daraja la chini ni dakika kumi hadi hospitali, barabara ya juu ni saa nzima. Nipite wapi?"

"Tisa, nakupata. Sita, soma nguzo."

Namba sita alikuwa Mwashi, aliyepangiwa daraja. Hakuitika. Mwalimu akamwita tena, akamwita mara ya tatu, na kila alipoachia kitufe ile harufu iliongezeka, ikapanda kutoka sakafuni ikamfika kifuani, hata Mratibu akaziba pua akiuliza choo kimefurika au nini. Kisha mshale ukapanda.

"Kh-kh. Saba hapa. Daraja salama. Mleteni."

"Haya!" Mratibu alipiga kofi. "Si huyo amesema? Waambie wapite!"

Kutoka kwenye spika binti yake alizungumza, na safari hii hakuwa muuguzi, alikuwa mtoto.

"Mama. Hiyo ni sauti ya baba."

Na hapo, jamani, hapo ndipo roho ya mtu inapopimwa, maana Mwalimu alitaka kuamini, alitaka kwa mwili mzima, akajiambia kwamba Waya asingemdanganya mwanawe wa pekee, kwamba huenda ndiyo sababu alisubiri miezi yote hiyo, ili siku moja kama hii amvushe binti yake salama, na kwamba Kinyozi ni mtu mwema lakini Kinyozi hakulala naye miaka ishirini na sita, hakuijua ile sauti inavyoteremka mwishoni mwa neno, na damu ya yule mama ilikuwa inatoka, na dakika kumi si saa nzima, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe na mdomo umefunguka kusema pita.

Kilichomwokoa ni ualimu. Mwanafunzi akileta jibu, Mwalimu lazima aulize amelipataje.

"Saba," alisema, "soma nguzo."

"Mbili na nusu."

Mwalimu alifumba macho. Nguzo ya namba ilikwenda na maji siku ile ile aliyokwenda mumewe. Nguzo mpya haina namba hata moja. Ina rangi, kijani, njano na nyekundu, na rangi hizo alizichagua yeye mwenyewe. Aliyejibu hakuwa anatazama nguzo ya leo.

"Tisa, barabara ya juu! Usikanyage daraja. Umenisikia? Hata ukisikia nani anasema nini, usimsikilize. Nisikilize mimi. Mimi peke yangu."

"Barabara ya juu, mama. Nakusikiliza wewe peke yako."

"Saa nzima!" Mratibu alishika kichwa. "Atamfia njiani!"

"Toka nje," Mwalimu alimwambia, na Mratibu, mtu mzima na cheo chake, akatoka.

Spika ikaanza kutoa mvumo wa maji, kwanza wa mbali, kisha wa karibu, kisha wa chumbani mle mle, na katikati ya mvumo ile sauti ya upole ikawa inasema uliniambia nisubiri, nimesubiri, mlete mtoto, uliniambia nisubiri, nimesubiri, mlete mtoto, bila kupumua, bila kukohoa tena, na kutoka kwenye vitundu vya spika tope jembamba likachuruzika likaingia juu ya daftari, likazifunika "kimya" zote za miezi kumi na minne, ukurasa baada ya ukurasa, wino ukawa unaelea. Mwalimu alipiga moyo konde. Mkono wa kushoto akaushika kwenye nyaya za betri, wa kulia akabonyeza kitufe.

"Kituo namba saba, hapa Kituo cha Kwanza. Kazi yako imekwisha. Nilichelewa, mume wangu. Nilichelewa dakika nne, nisamehe. Umeruhusiwa. Funga."

Mvumo ulikatika. Mambo yangeishia hapo, ndugu yangu. Ilibaki kung'oa nyaya tu. Lakini kituo kikiruhusiwa huwa kinajibu "Nafunga", ndiyo sheria yake mwenyewe, na mwanamke yule hakuwahi kumsikia mumewe akiaga. Akaachia kitufe. Akasikiliza.

Pumzi moja tu.

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Hakuivuta kama Waya. Aliivuta kwa haraka kupitia puani, namna Mwalimu anavyovuta yeye kabla ya kumwita mwanafunzi mtundu. Mwalimu aling'oa nyaya kwa nguvu hadi zikamchana kiganja.

Mwashi aliletwa jioni analoweka sakafu, redio yake ilichukuliwa na wimbi la kwanza. Alisema daraja la chini lilikatika katikati mbele ya macho yake, saa nane na nusu. Aliposikia gari la wagonjwa lingepita pale muda ule ule, alikaa chini. Yule mama alijifungua mtoto wa kiume garini, barabara ya juu, mkononi mwa binti wa Mwalimu, na wote wawili walifika hospitali wazima. Mratibu alilia hadharani, kisha akaomba radhi kwa kulia.

Kinyozi alimshika Mwalimu pembeni, akamfunga kiganja kwa kitambaa. "Ulisikiliza?"

"Sikusikiliza."

"Shemeji."

"Nimekwambia sikusikiliza!"

Kinyozi aliamua kumwamini, kwa kuwa kila mtu alikuwa amechoka. Walikubaliana apumzike siku arobaini, asiguse kipaza sauti. Redio ya kichumbani ilibaki imefungiwa, betri imetolewa, ufunguo anao Mratibu. Namba saba ilifutwa katika daftari jipya. Harufu ya tope iliisha. Kwa siku tatu Mwalimu alikula na kulala, na siku ya nne binti yake alimsikia akimgombeza paka, akacheka peke yake njia nzima kwenda kazini.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili kasorobo, Mwalimu alikuwa sebuleni anashona vitufe vya sare ya binti yake. Simu ikalia.

"Shemeji," alisema Kinyozi, "si tulikubaliana upumzike?"

"Si ndiyo ninapumzika?"

"Mbona unaita vituo?"

Sindano ilisimama katikati ya kitambaa. "Nani anaita?"

Kinyozi aliisogeza simu karibu na redio yake, na Mwalimu akasikia mwanamke anavuta pumzi kwa haraka kupitia puani, kisha anasema, kwa sauti ya kuwatia adabu wanafunzi, sauti safi isiyo na kasoro hata moja:

"Kituo namba tisa, unanipata?"

"Tisa hapa, mama!" Binti yake alikuwa na furaha. "Umesharudi kazini? Hukuniambia!"

"Tisa, uko wapi?"

"Palipokuwa na daraja. Dereva ameshuka kukagua njia, niko garini peke yangu."

"Hapana," alisema Mwalimu kwenye simu, "hapana, hapana, mwambie, shemeji, mwambie si mimi!" Akamsikia Kinyozi anabonyeza kitufe chake na kupiga kelele, "Tisa, ondoka! Tisa, huyo si mama yako, usimsikilize!" Hewani hawasemi wawili, na aliyekuwa akisema hakuwa na haja ya kupumua. Hata hivyo maneno mawili matatu ya Kinyozi yalipenya, maana binti alicheka kidogo, kwa wasiwasi.

"Mama, kuna mtu ananiambia nisikusikilize."

"Nilikwambia nini?"

"Nikusikilize wewe peke yako."

"Vizuri," ilisema sauti ya Mwalimu, kwa upole. "Tisa, subiri hapo hapo."

Na binti yake, aliyelelewa na sheria ile tangu utotoni, hakusema tena, hakubanduka, akasubiri.